Dhana na Yakini katika Mzigo Ulioharibika

Makambako ni mji wa njiapanda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana hapo na barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia, ina stesheni yake papo hapo. Mji wa namna hii riziki yake imo katika kupokea na kupitisha: viazi, mbao, mahindi na maparachichi ya nyanda za juu za Njombe hushuka kwenda pwani, na nguo, vyombo, simu na televisheni hupanda kutoka pwani. Hapo zamani aliyeuza na aliyenunua walisimama pande mbili za gunia moja, wakalifungua, wakatia mkono ndani, wakabishana bei, wakapatana au wakaachana. Na kasoro, kama ilikuwapo, ilionwa na wote wawili kwa wakati mmoja. Leo, tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 na simu za picha zikafuata, mtu aliye Njombe hupiga picha ya maparachichi yake akaiweka katika WhatsApp au Instagram, na mtu wa Dar es Salaam ambaye hajapata kumwona wala kuisikia sauti yake humrushia hela. Boksi hufungwa, hupelekwa ofisi ya mizigo ya basi, na safari huanza. Baadaye huja ujumbe: "Dada, mzigo umefika umeharibika. Naomba unirudishie hela yangu." Chini yake ipo picha ya matunda meusi yaliyopondeka.

Muuzaji huutazama ujumbe huo na moyo wake hugawanyika. Huenda neno hilo ni kweli, na mnunuzi amedhulumika. Huenda pia picha ile ni ya boksi jingine, imetumwa na mtu aliyekwisha kula alichonunua na sasa anazitaka na hela pia. Njia ya kujua haioni, maana mteja yuko mbali, matunda yako mbali, na baina yao hapana hakimu ila simu. Swali linalotushughulisha katika makala haya si la hesabu ya hasara, kwa kuwa hesabu hiyo kila mchuuzi huijua. Ni swali la dhamiri. Mja ana wajibu gani kwa neno la mwenziwe asiyeweza kumsadiki wala kumkadhibisha? Kumtilia shaka ni dhambi, au ni busara? Na kumwamini ni wema, au ni uzembe uliovaa joho la wema?

Walio wengi hujibu kwa haraka, na majibu yao ni mawili. Yuko asemaye kwamba mteja ni mfalme, arudishiwe hela yake yote na maneno yaishe. Na yuko asemaye kwamba watu wa mtandaoni ni matapeli watupu, asirudishiwe hata senti moja. Ukiyapima majibu haya utaona kwamba, ingawa yamepeana kisogo, mama yao ni mmoja, kwa sababu wa kwanza ameudhania moyo wa mteja kuwa safi, wa pili ameudhania kuwa mchafu, na wote wawili wametoa hukumu juu ya moyo kabla ya kukitazama kitu kilichoharibika. Qurani Tukufu, katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inawaonya waumini wajiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Onyo hilo hukumbukwa sana. Lakini husahauliwa kwamba sura ile ile, katika aya ya 6, imekwisha kuamuru kwamba habari iletwayo na mtu mpotovu ichunguzwe, watu wasije wakawadhuru wengine kwa kutojua, kisha wakajuta. Amri hizi mbili zimewekwa karibu ili zisomwe pamoja, na maana yake ni kwamba kuchunguza si kutuhumu. Mwenye kutuhumu amekwisha kufika kwenye hukumu, na akiuliza neno lolote anauliza ili aipambe hukumu yake. Mwenye kuchunguza angali njiani, na yu tayari kupelekwa na bayana hata mahali asipopapenda.

Basi tuchunguze nini, maadamu mioyo imefichika? Katika visa vya makadhi wa Kiislamu kipo kimoja kinacholijibu swali hili kwa uzuri. Husimuliwa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab alinunua farasi kwa bedui mmoja, akampanda, na alipokwisha kwenda naye kitambo yule farasi akaanza kuchechemea. Umar akataka kumrudisha, bedui akakataa. Na kwa kuwa khalifa hakutaka kuwa hakimu katika daawa yake mwenyewe, wakaafikiana kumfuata Shurayh bin al-Harith awaamue. Shurayh hakuuliza ni nani kati yao mcha Mungu zaidi, wala hakuuliza ni nani mwenye sababu ya kusema uongo, ingawa mmoja wao alikuwa khalifa na mwingine bedui wa jangwani asiye na wa kumtetea. Aliuliza jambo moja tu: je, mnyama huyu alikuwa mzima siku alipopokelewa? Umar akakiri kwamba alikuwa mzima. Hukumu ikawa kwamba ama akae na alichonunua, ama akirudishe katika hali aliyokipokea. Umar hakukasirika, bali aliiona insafu ya hukumu hiyo, akamfanya Shurayh kuwa kadhi wa mji wa Kufa.

Hekima ya kisa hiki haimo katika kushindwa kwa mkubwa mbele ya mdogo, ijapokuwa hilo nalo ni tamu kulisikia. Imo katika swali lenyewe. Shurayh alilihamisha shauri kutoka kwenye mioyo ya watu, ambayo ni milki ya Mungu peke yake, akalipeleka kwenye hali ya kitu, ambayo mwanadamu amepewa macho ya kuiona. Hakuna aliyeitwa mwongo siku ile, wala hapakuwa na haja. Swali la "nani anasema uongo" humfanya kila mdai kuwa mshtakiwa, na mtu mwaminifu aliyedhulumika hutoka hapo amedhulumika mara mbili, kwanza katika mali na pili katika heshima. Lakini swali la "kitu kilikuwa katika hali gani kilipotoka mkono mmoja kuingia mkono mwingine" halimtusi yeyote, kwa kuwa mwaminifu hulijibu kwa wepesi, na laghai hulijibu kwa taabu.

Torati nayo ilishika njia hiyo hiyo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, imeandikwa habari ya mtu aliyemwachia jirani yake mnyama amtunzie, na mnyama akafa au akaumia pasipo mtu kuona. Ikiwa mnyama ameraruliwa, mtunzaji alete mabaki yake yawe ushahidi, naye hatalipa. Tazama jinsi sheria hiyo kongwe ilivyojua kwamba kilichoharibika chenyewe ni shahidi, na kwamba mwenye kudai msiba hana budi kuuleta msiba wake mbele ya macho ya watu. Na pale ambapo hapana mabaki wala shahidi, kiapo cha Bwana kiwe baina ya hao wawili, na mwenye mali akikubali. Fikihi ya Kiislamu ilifuata mkondo wa karibu na huo iliposema kwamba bayana ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukanusha. Hata hivyo simshauri muuzaji yeyote amwapishe mteja wake kwa simu. Kiapo ni cha mbele ya kadhi na hakimu, na jina la Mungu ni kubwa mno kuwekwa rehani kwa boksi la matunda.

Hapa msomaji mwerevu atasema kwamba ushahidi nao hughushiwa, na atasema kweli. Wana wa Yakobo walimletea baba yao vazi la Yusufu likiwa na damu, na damu ile ilikuwa ya uongo. Lilikuwa dai la hasara lenye ushahidi mkononi, na ushahidi wenyewe ulikuwa umetengenezwa. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba baba alilitambua vazi, akasadiki kwamba mnyama mkali amemla mwanawe, akaomboleza siku nyingi. Sura ya Yusuf inasimulia kwamba Yaakub hakudanganyika, bali aliwaambia wanawe kuwa nafsi zao zimewapambia jambo, kisha akashika subira njema na kumwomba Mungu msaada. Wafasiri wamesimulia jambo lililomtia shaka mzee yule: kanzu ilikuwa na damu, lakini haikuwa imechanika. Mbwa mwitu gani huyu amlaye mtu asiichane kanzu yake? Yaakub hakusoma nyuso za wanawe, alisoma nguo. Na alipokwisha kuisoma akaiona inawakadhibisha, hakuwapiga, hakuwafukuza nyumbani, wala hakujifanya kuwa amesadiki. Uchunguzi wake ulikuwa mkali kwa kitu na mpole kwa watu, na mpangilio huo ndio ninaoutetea hapa.

Tuisome basi kanzu yetu, ambayo ni boksi la maparachichi. Tuchukue aina ya Hass, ambayo wakulima wengi wa Njombe wameipanda katika miaka ya karibuni kwa ajili ya soko la nje. Tunda hili haliivi likiwa mtini. Huchumwa gumu, na huanza kulainika baada ya kuchumwa, na ganda lake hubadilika kutoka kijani hadi zambarau iliyokolea inayokaribia weusi. Jambo hilo huchukua siku kadhaa, na katika baridi ya Njombe huchukua siku nyingi zaidi. Kwa hiyo, ikiwa boksi limefungwa jana jioni na matunda magumu ya kijani, kisha leo asubuhi ikaja picha ya matunda meusi yaliyolainika kama uji, kuna jambo halipatani na maumbile, kama kanzu ile isiyochanika. Lakini tazama upande wa pili. Mteja akikaa kimya siku tano au sita ndipo akalalamika, muuzaji husema upesi, "Mbona hukusema siku ulipopokea?", na ukawiaji huo huuhesabu kuwa dalili ya hila, kumbe tunda lililochumwa changa mno huonekana zuri siku ya kwanza na ya pili, na kasoro yake hudhihiri baadaye, linapokunjamana ganda na kuwa kama mpira badala ya kulainika. Hiyo ni kasoro iliyofichika, na ni taksiri ya mchumaji. Dai lililochelewa linaweza kuwa ndilo la kweli, na dai lililowahi likawa ndilo la shaka. Ila asiyekijua kitu chake atahukumu kinyume, naye ataamini kwamba amehukumu kwa akili.

Wala haya matunda meusi ya asubuhi hayathibitishi bado kwamba mteja ni mwongo. Dhana ina maradhi ya kuwaona watu wawili tu, ilhali katika biashara ya njia hii watu ni watatu au zaidi. Boksi limetoka mkononi mwa muuzaji likaingia mkononi mwa karani wa ofisi ya mizigo, kutoka kwa karani likaingia kwa kondakta, limelala katika buti la basi chini ya magunia ya viazi na ndoo za asali, limeshushwa usiku katika ofisi nyingine, na huko likapangwa pamoja na maboksi mengine yanayofanana nalo, ambayo baadhi yake yamengoja wenyewe kwa juma zima. Yamkini mteja amepewa boksi la mtu mwingine, akalifungua kwa moyo safi, akapiga picha ya kweli ya matunda yasiyokuwa yake. Hapo muuzaji ni mkweli, mnunuzi ni mkweli, na kila mmoja anamwona mwenziwe tapeli. Ni magomvi mangapi yametokana na wakweli wawili walioshindwa kumtazama wa tatu!

Kutokana na haya wajibu wa kwanza wa muuzaji huwa bayana, nao ni wajibu unaotangulia ugomvi: kuweka shahidi katika kila makabidhiano. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo ni ndefu kupita zote katika Qurani, inahusu jambo ambalo mtu angelidhani ni dogo kwa kitabu kitakatifu, yaani kuandika deni na kuweka mashahidi, liwe dogo au kubwa. Katika muamala wa leo kuandika huko ni kupiga picha ya matunda kabla boksi halijafungwa na baada ya kufungwa, kuandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito jina la mpokeaji na tarehe kwa mwandiko unaoonekana katika picha, kutunza risiti ya basi, na kumwambia mteja tangu mwanzo, kabla hajalipa, kwamba alifungue boksi huku akirekodi video, na kwamba akiona kasoro aseme mapema na asitupe kitu. Sharti hilo liwe kwa wote. Likitolewa kwa yule tu aliyetiliwa shaka, linakuwa tusi. Likitolewa kwa kila mtu, kwa shangazi wa muuzaji na kwa mgeni asiyejulikana, linakuwa desturi ya duka, na desturi haimwumizi mtu. Sheria ya nchi nayo inausaidia utaratibu huu: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe na kumbukumbu za kielektroniki kupokewa mahakamani kuwa ushahidi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huo huo imeuweka udanganyifu wa namna hiyo katika jinai. Lakini ni nani atakwenda mahakamani kwa boksi moja la maparachichi? Thamani ya picha na risiti aghalabu si kushinda kesi, bali kuizuia isizaliwe.

Sasa nataka tuutazame moyo wa muuzaji mwenyewe, kwa kuwa dhana haizuki bure. Mkulima wa Njombe ana sababu ya kumwogopa mnunuzi wa mbali. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa viazi wamekuja mashambani na magunia yao, wakayajaza mpaka yakafura, wakashonea kichwa juu ya kichwa, kisha wakalipa bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Kanuni za vipimo zimeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao, na Wakala wa Vipimo hufanya ukaguzi na kutoza faini, lakini mkulima mwenye viazi vinavyoharibika na deni la mbolea hana nguvu ya kumfukuza mnunuzi. Mtu aliyekwisha kupunjwa hivyo mbele ya macho yake mwenyewe, leo akiambiwa na sauti ya mbali kwamba mzigo umeharibika, huisikia lumbesa nyingine. Uchungu wake ni wa haki. Hata hivyo aliyemdhulumu jana si huyu wa leo, na dhana ya namna hii ni kama kudai deni kwenye nyumba isiyo ya mdaiwa: deni ni la kweli, na mlango uliogongwa ni wa mtu mwingine.

Tena muuzaji ajiulize kama yeye mwenyewe ni safi katika yale anayowashuku wengine. Picha aliyoiweka mtandaoni, je, ilikuwa ya matunda aliyoyatuma, au ya tunda zuri moja lililochaguliwa kati ya mia? Boksi lake lilikuwa na matunda yale yale juu na chini, au safu ya juu ilikuwa pambo na safu ya chini ilikuwa taka? Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Muhammad alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenyewe, naye akasema kwamba mvua ililinyeshea. Akamwambia kwa nini hakuuweka unyevu huo juu watu wauone, na akamtoa mwenye kughushi katika hesabu ya watu wake. Na Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo, husimuliwa kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumweleza mnunuzi, na imamu alipopata habari akaitoa sadaka fedha iliyopatikana. Anayeitaja kasoro ya bidhaa yake kabla ya kuuza amepata faida ambayo wauzaji wengi hawaihesabu, nayo ni haki ya kuaminiwa atakapokana kasoro nyingine. Aliyeificha amejivua haki hiyo, hata siku ambayo amesema kweli.

Linabaki lile gumu, pale ambapo kila njia imejaribiwa na ukweli haukupatikana. Picha ya muuzaji haitoshi, video ya mnunuzi haipo, karani wa basi hakumbuki, na risiti yake, kama risiti nyingi za namna hiyo, inasema kwamba kampuni haitahusika na vitu vinavyoharibika. Hasara ipo, nani aibebe? Nionavyo mimi, na aibebe zaidi yule aliyekuwa na uwezo wa kuweka shahidi asimweke. Mara nyingi huyo ni muuzaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyeijua bidhaa, ndiye aliyefunga, ndiye aliyechagua basi, na ndiye aliyeshika hela kwanza. Yakobo, alipojitetea mbele ya Labani katika sura ya 31 ya kitabu cha Mwanzo, alisema kwamba mnyama aliyeraruliwa hakumpelekea mwenye kundi bali hasara aliichukua mwenyewe. Yaani alijitwika zaidi ya alivyodaiwa, na kwa sababu hiyo maneno yake yalikuwa na uzito. Na ikiwa kila upande umefanya lililoupasa, basi sulhu, ambayo Qurani imeisifu kuwa ni heri, ndiyo njia: hasara igawanywe, au mzigo mwingine utumwe kwa nusu ya bei, kwa kauli njema na pasipo kumwita mtu mwongo. Ila sulhu si ya kila dai. Pale ambapo kitu chenyewe kimeikadhibisha picha, na mteja ameombwa amlete shahidi akakataa, kumlipa nusu si ukarimu. Ni kumfundisha kwamba uongo una mshahara, na mshahara huo utalipwa kutoka mifukoni mwa wauzaji wengine. Hapo muuzaji akatae kwa adabu, aeleze sababu, na asiongeze neno.

Mahali pengine duniani wamejaribu kulikwepa shauri hili kwa kumweka hakimu wa jumla. Soko la mtandaoni la eBay, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, hapo kwanza liliwaruhusu wauzaji na wanunuzi wapeane sifa njema au mbaya. Mwaka 2008 likawaondolea wauzaji ruhusa ya kuwapa wanunuzi sifa mbaya, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wakiogopa kulipiziwa kisasi wakilalamika. Sababu hiyo ina nguvu, lakini uamuzi wenyewe uliuhakikishia upande mmoja ulimi na upande wa pili ukimya. Sisi wa Makambako na Njombe, tuuzao kwa WhatsApp na basi, hatuna hakimu huyo, na upungufu huo una neema yake, kwa maana unatulazimu tuwe waadilifu wenyewe badala ya kukodi uadilifu.

Lakini neema hiyo hupotea upesi pale muuzaji anapojifanya hakimu na askari kwa pamoja. Iko tabia iliyoenea, ya kumwanika mteja: namba yake ya simu na picha yake huwekwa katika status na katika magrupu ya wafanyabiashara, na juu yake huandikwa neno "tapeli" kwa herufi kubwa. Ikiwa mtu huyo hana hatia, amevunjiwa heshima mbele ya halaiki kwa dhana, na hakuna njia ya kuyaokota maneno yaliyokwisha kusambaa. Ikiwa ana hatia, bado adhabu hiyo imetolewa na mlalamikaji mwenyewe pasipo kumsikiliza mshtakiwa, na hakuna dini wala sheria niijuayo iliyompa mlalamikaji kazi hiyo. Aliyetapeliwa kwa yakini apeleke risiti, ujumbe na picha zake polisi. Aliye na shaka tu afunge mdomo wake.

Kwa hiyo, ewe muuzaji wa Njombe au Makambako, utakapopokea ujumbe kwamba mzigo umefika umeharibika, jibu kwanza kwa pole, kwa kuwa pole haigharimu kitu wala haikubali deni. Kisha omba kuona boksi lote, jina lililoandikwa juu yake, na matunda yakiwa yamekatwa. Wapigie simu waliolibeba. Linganisha unachoonyeshwa na unachokijua juu ya bidhaa yako. Ikiwa taksiri ni yako, lipa siku hiyo hiyo. Ikiwa ni ya njia, msaidie mteja kuidai ofisi ya basi. Ikiwa haijulikani, gawaneni hasara. Na ikiwa ni hila iliyodhihiri, kataa. Katika yote hayo hukuagizwa kuujua moyo wa mnunuzi, wala hutaulizwa habari zake. Utaulizwa juu ya mizani yako, picha zako na ulimi wako.